Mteja Akiuliza "Imeandikwaje?": Jinsi ya Kusoma Picha na Kusema kwa Picha

Nina kiduka cha steshenari Chikongola, Mtwara mjini. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, natengeneza kadi za harusi na mabango. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kuchapisha chochote mteja alicholeta. Akija na picha mbaya, anaondoka na picha mbaya iliyo kubwa zaidi.

Kilichonibadilisha ni dada mmoja muuza kanga. Alikuja na simu mkononi, kanuna. Alikuwa ametuma picha ishirini kwenye kundi la WhatsApp, doti zimekunjwa mraba na kupangwa kama mikate dukani, rangi zinang'aa. Hakuna aliyeuliza bei. Kila mtu aliuliza swali lilelile: "Dada, imeandikwaje?"

Alikuwa ameyakunjia majina ndani.

Picha zenyewe zilikuwa safi, simu yake ni nzuri kuliko yangu. Shida ni kwamba alipiga kanga kama mtu anayetazama kitambaa, na wateja wake walitaka kuisoma. Mwanamke anayemtafutia wifi yake kanga hawezi kununua neno asilolijua, atakuja kuleta ugomvi bure. Tulizikunjua, tukazipiga upya jina likionekana, na maswali yakageuka yakawa ya bei.

Wataalamu wa elimu wanauita ujuzi huu wa kusoma picha na kusema kwa picha kwa majina makubwa; Mmarekani John Debes ndiye aliyeupa jina mwaka 1969. Huku kwetu mtu huanza kuujifunza kwenye nguo ya mama yake. Basi tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Tandika kanga, ukae nayo dakika tano

Chukua kanga yoyote iliyomo ndani, itandike kitandani au mkekani. Usisome jina kwanza. Liache jicho liende linakotaka, halafu ujiulize: limeanzia wapi? Mara nyingi litaanzia kwenye mji, yaani katikati, kwa sababu ndiko kwenye mchoro mkubwa au nafasi kubwa. Likitoka hapo linagonga pindo, linarudi, ndipo linashuka kwenye jina. Aliyeichora alijua. Pindo linalibana jicho lisitoke nje, mji unaliita, jina linamaliza maneno.

Sasa chukua karatasi uandike mambo mawili, mbalimbali. Upande mmoja andika unachokiona tu: rangi mbili, nyekundu na nyeusi, mchoro mmoja mkubwa katikati, minne midogo kwenye kona. Upande wa pili andika unachodhani: ni ya sherehe, ni ya mafumbo, ni ya kumpa mtu aliyefiwa. Utashangaa jinsi mambo ya upande wa pili yanavyojipenyeza upande wa kwanza. Mtu anaandika "kanga ya huzuni" kana kwamba huzuni ni rangi. Ukiweza kuzitenganisha karatasi hizi mbili, umeshapata nusu ya kazi yote.

Jaribu hili pia. Tafuta kanga yenye ule mchoro uliopinda kama tone lenye mkia. Mwulize mtu wa Newala au Tandahimba ni nini, atakujibu bila kufikiri: korosho. Ndivyo tunavyouita, na unastahili. Ila mchoro wenyewe umetoka Uajemi na India, kwa watu ambao hawakuwa wanachora korosho hata kidogo. Mkorosho asili yake ni Brazili, Wareno ndio waliousambaza. Sisi tumeutia mchoro maana yetu kwa sababu korosho ndiyo inayosomesha watoto wetu. Kwa hiyo picha yako ikifika kwa mtu wa Bukoba, usidhani ataona ulichokiona wewe.

Fanya zoezi hili kila siku kwa wiki moja na kitu kingine: lebo ya mafuta ya kula, ukurasa wa gazeti, bango la mkutano. Dakika tano tu. Watu huruka hatua hii wakakimbilia kamera, na ndiyo maana picha zao zinafanana.

Hatua ya 2: Andika sentensi kabla ya kutoa simu mfukoni

Sentensi moja, isiyo na "na pia". Ukishindwa kuiandika, bado hujawa tayari kupiga.

Nitaeleza hapa kwa kirefu kwa sababu ndiyo hatua inayoleta hela. Kikundi cha akina mama wabanguaji kilikuja kutaka lebo na picha za kutumia mtandaoni. Picha waliyokuwa nayo: korosho zimejazwa kwenye beseni la buluu, usiku, chini ya taa ya njano, na nyuma yake mguu wa mtu mwenye kandambili. Nikawauliza, mnataka mnunuzi wa Dar aseme nini akiiona? Wakanyamaza, halafu mmoja akasema, "Aseme hizi ni kubwa, nyeupe, nzima."

Hiyo ndiyo sentensi. Ina mambo matatu, na kila moja lina dai lake kwenye picha.

Kubwa. Korosho ndani ya beseni haina ukubwa. Inaweza kuwa kama kidole gumba, inaweza kuwa kama harage, jicho halina cha kulinganishia. Soko la korosho iliyobanguliwa lenyewe linauzia ukubwa: ukisikia W240 au W320, namba hiyo ni hesabu ya punje katika ratili moja, yaani kama gramu 454. Namba ikipungua, punje ni kubwa zaidi. Sasa W180 na W450 zikipigwa kwa karibu bila kitu pembeni, ni picha ileile. Tukaweka sarafu ya shilingi 200 kando ya punje tano zilizopangwa mstari. Basi. Hakuna maneno yaliyohitajika. Kwa mnunuzi wa nje asiyeijua sarafu yetu, weka rula.

Nyeupe. Taa ya njano iliifanya korosho nyeupe ionekane imeungua, na korosho iliyoungua ni daraja la chini. Wale mama walikuwa wanajishushia bei wenyewe kwa balbu. Na beseni la buluu nalo lilitupa ubuluu wake juu ya punje za pembeni. Tulihamia nje kivulini, tukamwaga korosho juu ya ungo. Rangi ya ukindu ni ya kahawia tulivu, weupe ukajitokeza wenyewe.

Nzima. Lundo huficha vipande, na mnunuzi mzoefu akiona lundo anajua kuna kinachofichwa. Zisambaze zisipandane, kila punje ionekane pembe zake. Kama kuna zilizovunjika, ziuze kama zilizovunjika kwenye picha yake nyingine. Mama mmoja aliguna hapo. Nikamwambia, mzigo ukifika Dar ukirudishwa, nauli ni ya nani?

Mguu wenye kandambili haukuhitaji mjadala.

Hatua ya 3: Kuchele!

Wenyewe tunasema Mtwara kuchele, kumekucha. Ichukulie kama ushauri wa mpiga picha. Mwanga mzuri wa huku kwetu ni wa asubuhi mpaka jua linapoanza kuuma, na tena jioni likianza kulegea. Saa sita mchana jua linasimama utosini, uso wa mtu unakuwa na mashimo meusi machoni na mchanga wa Shangani unawaka kama bati. Ukilazimika kupiga saa hizo, ingia kivulini, chini ya mwembe au kibarazani, mtu aelekee upande wenye mwanga. Usimweke mtu dirishani nyuma yake kuna jua, atatoka kivuli kitupu.

Flashi ya simu izime. Futa kioo cha kamera kwa pindo la nguo, hasa kama unauza samaki. Ukitaka kitu kionekane kikubwa usivute picha kwa vidole. Sogea kwa miguu.

Hatua ya 4: Amua nini kinabaki nje

Kila picha ina kingo nne, na kila ukingo unatupa kitu nje. Ukipiga mashua iliyoegeshwa Mikindani kwa karibu, unauza mbao na misumari. Ukirudi hatua thelathini, ukaacha ghuba na minazi iingie, unauza safari. Mashua ni hiyohiyo.

Kwa kitu cha kuuza, kiwanja, nyumba, boti au shamba, piga tatu: ya mbali inayoonyesha kilipo, ya kati inayoonyesha kizima, ya karibu inayoonyesha hali yake. Ufa ukiupiga wewe mwenyewe, mteja anaanza kukuamini hata kwa yale ambayo hukuyapiga. Akiukuta mwenyewe siku ya kuja kuona, hata bati jipya ataliona limetoboka.

Na kumbuka picha itakaa wapi. Ile ya wasifu ya WhatsApp hukatwa duara, kwa hiyo jina la duka ulilobandika kwenye kona linatupwa. Ya status husimama wima. Picha ikitumwa WhatsApp hubanwa, inachakaa. Ukiituma kwangu nikuchapie bango, itume kama dokumenti, sio kama picha. Hili nalisema kila siku na kila siku naletewa picha ya ukubwa wa stempu mtu akitaka bango la mita tatu.

Hatua ya 5: Picha zikiwa nyingi, zipe namba

Hapa nitajisema. Niliwahi kuwachapishia watu fulani bango la upuliziaji salama wa mikorosho, lile la kuzuia watu kudhurika na dawa wakati wa kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Mchoro niliuchora mimi. Mstari mmoja wa picha tatu: mtu anavaa ovaroli, buti na barakoa, mtu anapuliza, mtu anaoga kwa sabuni. Chini yake picha ya nne, kubwa: mtu kifua wazi anapuliza, na juu ya kifua chake alama ya X nyekundu. Niliona nimefanya kazi.

Bango likaenda kijijini. Nilibahatika kuwapo. Mzee mmoja, wa kuheshimika, aliulizwa bango linasema nini. Akalitazama kwa utulivu, akaanza upande wa kulia. "Huyu bwana anaoga kwanza. Akishaoga anakwenda kupuliza. Akimaliza anavaa nguo zake nzuri, anakwenda zake."

Watu wakacheka, yeye hakucheka, na hakukosea. Mzee yule amesoma chuo cha Kurani, amezoea msahafu, kwake mwanzo ni kulia. Picha zangu hazikuwa na kitu chochote cha kumwambia vinginevyo. Hata kinyago cha ujamaa cha Wamakonde hukianzi kushoto. Unaanza chini kwa aliyewabeba wenzake, unapanda ukikizunguka. Mwelekeo wa kusoma mtu anafundishwa, hazaliwi nao. Andika 1, 2, 3, kubwa, kwenye kona ya kila picha. Mshale pekee hautoshi.

Ile picha ya nne ilikuwa mbaya zaidi. Waandaaji walikuwa wamebana matumizi, wakatoa kopi za rangi nyeusi. X yangu nyekundu ikageuka mistari miwili meusi inayokatiza kifua cha yule bwana. Kijana mmoja akaniuliza mbona mikanda ya bomba lake imepishana. Yaani mtu niliyemkataza alionekana ndiye mwenye vifaa kamili, tena ndiye mkubwa kuliko wote bangoni.

Tangu siku ile nina kanuni zangu:

Onyesha lililo sahihi, na ulifanye kubwa. Kosa likibidi kuonyeshwa, liweke kando ya sahihi, dogo zaidi, na alama yake ikae nje ya mwili wa mtu, kwenye kona.

Usiiachie rangi kazi peke yake. Kabla ya kukabidhi, toa kopi moja nyeusi na nyeupe uone kilichobaki. Kwenye chupa za viuatilifu kuna ukanda wa rangi chini ya lebo, nyekundu ikiwa ya sumu kali kabisa, kisha njano, buluu na kijani, lakini maneno na alama nazo zipo palepale. Waliotengeneza hawakuutegemea ukanda tu. Vilevile alama za barabarani: onyo ni pembetatu, katazo ni duara, hata rangi ikififia kwa jua bado umbo linasema.

Vitu vichorwe jinsi watu wanavyovijua. Barakoa niliyochora ilikuwa ya filamu, ina madude mawili mbele. Kijijini walidhani ni mnyama.

Hatua ya 6: Hesabu nazo ni picha

Msimu wa minada kila simu inapita michoro ya bei. Tuseme mnada wa kwanza korosho ghafi ziliuzwa shilingi 3,100 kwa kilo na wa pili 3,300. Ukichora nguzo mbili zikianzia sifuri, ya pili inaipita ya kwanza kidogo tu, kama ndugu wawili waliofuatana. Ukizianzishia 3,000, nguzo ya pili inakuwa mara tatu ya mwenziwe na mtu anaanza kupanga kununua bodaboda. Namba hazijadanganya, urefu ndio umedanganya. Ukichora, anzia sifuri. Ukichorewa, angalia chini ya nguzo kabla ya kuangalia juu.

Hatua ya 7: Picha usiyoipiga wewe

Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, Mtwara tuliambiwa tujihadhari, shule zikafungwa. Mwishowe kilitua kaskazini mwa Msumbiji, Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma. Siku ile nililetewa picha ya barabara iliyogeuka mto, minazi imelala, chini imeandikwa "Mtwara sasa hivi". Nusura niitume kwa mama.

Nilichofanya ni kile cha hatua ya 1, kutenganisha ninachoona na ninachodhani. Minazi haisemi kitu, iko pwani yote. Magari kupita kushoto haisemi kitu, Msumbiji nako hupita kushoto. Lakini kwenye ukuta kulikuwa na neno Farmácia, Kireno cha Msumbiji, na huku kwetu ni Duka la Dawa. Namba ya gari iliyoonekana haikuanza na T. Na barabarani kwangu, nje ya dirisha, vumbi.

Tazama maandishi ya ukutani, namba za magari, sare za wanafunzi, vivuli. Kisha ipitishe kwenye Google Lens, inayotafuta picha mtandaoni, uone kama iliwahi kutokea miaka iliyopita. Picha nyingi za uongo ni za kweli, zimebadilishwa tarehe na mahali tu.

Hatua ya 8: Omba

Hii ni fupi. Mtu ni mwenye sura yake. Mwambie picha inakwenda wapi, akikataa shusha simu. Mtoto, uliza mzazi. Shughuli za unyago na jando zina yaliyo ya wenyewe. Usipige hata kama simu yako haitoi mlio. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ila hata kabla yake ulikuwa unajua.

Hatua ya 9: Mpe mtu, unyamaze

Kabla ya kuchapisha au kutuma, mwonyeshe picha mtu mmoja asiyehusika, na ufunge mdomo. Usimwambie "unaona hapa nilitaka..." Mwulize maswali mawili tu: umeona nini kwanza? Na inakuambia ufanye nini? Yale majibu yake ndiyo picha yako ilivyo. Uliyoikusudia inabaki kichwani mwako, na huko hakuna mteja.

Bango lolote lenye maandishi lisimamishe ukutani, rudi nyuma hatua kumi. Usichokisoma ukiwa hapo, kifute.

Mimi mtu wangu ni bibi anayeuza ming'oko, vile viazi vya porini, nje ya kiduka changu. Hajui kusoma sana, ana macho makali na hana aibu. Wiki iliyopita nilimpelekea lebo mpya ya wale akina mama wabanguaji: ungo, korosho tano, sarafu, jina la kikundi.

"Shikamoo bibi. Umeona nini kwanza?"

"Hela," akasema. "Mia mbili."

"Na inakuambia nini?"

"Korosho hizi tano ni mia mbili."

Nikarudi ndani nikaondoa sarafu, nikaweka rula.